Maleba ya Juliasi Kaizari: Anza na Joho Lililotobolewa

Katika tamthilia ya Shakespeare ya Juliasi Kaizari, Caesar ameshauawa na wala njama, na rafiki yake Mark Antony anaposimama mbele ya raia wa Roma ana vitu viwili vya kuwaonyesha: wasia wa Caesar na joho lake. Wasia anauahirisha. Linalotangulia ni joho. Analishika, anawakumbusha kwamba Caesar alilivaa mara ya kwanza jioni ya kiangazi akiwa hemani, siku alipowashinda Wanervii, kisha anaonyesha tundu moja baada ya jingine: hapa kilipita kisu cha Cassius, hapa alipopasua Casca, hapa alipochoma Brutus. Maiti bado haijafunuliwa na umati umeshaanza kulia.

Kwa mbunifu wa maleba, kazi inaanzia hapo. Joho hilo likikosewa hotuba inapwaya, hata mwigizaji awe hodari namna gani, kwa sababu anaelekeza watazamaji kwenye kitu wasichokiona. Likipatikana sawa, mavazi mengine yote ya tamthilia hii yanapangika kulizunguka: nani awe mweupe, nani awe mweusi, mikono ya nani iwe wazi, na damu iende wapi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa kikundi cha shule, chuo au mtaa chenye waigizaji 15 hivi na mafundi cherehani wawili, kinachotumia tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere (iliyotoka 1963, ikarekebishwa 1969) au maandishi ya Shakespeare yenyewe. Idadi ya 15 haikuokotwa. Msafiri wa Uswisi, Thomas Platter, aliyeutazama mchezo wa Juliasi Kaizari jijini London tarehe 21 Septemba 1599, aliandika kuwa waigizaji walikuwa kama 15. Wahusika ni zaidi ya 30, kwa hiyo tangu siku hizo mtu mmoja amekuwa akivaa na kuvua mara kadhaa kwa usiku mmoja, na maleba lazima yaruhusu hilo.

Kalamu kabla ya mkasi

Soma tamthilia nzima mara moja bila kuandika chochote. Mara ya pili chora jedwali lenye safu nne: onyesho, mhusika, anachovaa, kinachotokea kwenye vazi. Safu ya nne ndiyo wengi wanaiacha, kisha wanaikumbuka wiki ya mwisho.

Tendo la kwanza, onyesho la kwanza, Marullus, tribuni (mtetezi wa raia serikalini), anamwuliza seremala: iko wapi aproni yako ya ngozi, na rula yako? Anauliza kwa kuwa hana. Watu hawa wamevaa nguo zao nzuri za sikukuu siku ya kazi, na ndiyo sababu ya kukemewa. Mara nyingi mbunifu anamvisha seremala aproni ili hadhira imtambue kwa ufundi wake, na swali zima linageuka upuuzi. Mvishe safi, mpe mkanda wa rangi, na aproni iache nyumbani.

Onyesho linalofuata, Antony anakuja akiwa tayari kwa mbio za Lupercalia. Wakimbiaji wa sikukuu hiyo walifunga ngozi ya mbuzi kiunoni na karibu hawakuvaa kingine. Kwa jukwaa letu shonea ngozi juu ya kaptura iliyobana ya rangi ya mwili wake, kwa sababu anakimbia na anachuchumaa. Usitumie ngozi iliyokaushwa kwa chumvi tu: joto la taa huiamsha harufu na safu ya mbele wote wataisikia. Tafuta iliyotengenezwa vizuri, au kata koti la manyoya la mitumba.

Tendo la pili lina mambo mengi. Wala njama sita wanafika kwa Brutus usiku, kofia zimeshushwa hadi masikioni na nusu ya nyuso imezama kwenye majoho. Portia, mke wa Brutus, anasema amejijeruhi pajani. Ligarius, anayejiunga na njama, anakuja akiwa mgonjwa, kitambaa kimefungwa kichwani, na ghafla anakitupa kuonyesha kuwa amepona kwa ajili ya kazi hiyo. Kwa hiyo kitambaa kifungwe kwa fundo la uongo lililoshonwa, kitoke kwa mkono mmoja. Caesar anaingia na vazi la kulalia, na mwishoni mwa onyesho hilo anaagiza aletewe joho kwa sababu ameamua kwenda. Hapo anavalishwa mbele ya watazamaji.

Tendo la tatu, wauaji wanainama na kuosha mikono kwa damu ya Caesar hadi viwiko. Andika kwa wino mwekundu: hakuna mla njama mwenye mkono wa nguo unaovuka kiwiko. Tendo la nne, Brutus anaingiza mkono kwenye mfuko wa gauni lake na kukuta kitabu alichokuwa akikitafuta. Gauni lazima liwe na mfuko, na mfuko lazima uwe mkubwa kuliko kitabu. Kwa kitabu cha kawaida, sentimita 18 kwa 24, mdomo ukiwa na upindo mgumu ili kitoke bila kunasa.

Zama zipi

Mwamue suala hili na mwongozaji kabla ya kununua hata yadi moja. Njia tatu zimewahi kufanikiwa. Ya kwanza ni Roma ya mwaka 44 kabla ya Kristo. Ya pili ni zama za Shakespeare mwenyewe, ambazo waigizaji walichanganya vipande vya Kirumi na nguo zao za kila siku. Ndiyo maana maneno ya tamthilia yana kofia, gauni na hata saa inayogonga, kitu ambacho Mrumi asingekielewa. Ya tatu ni leo: Orson Welles aliuleta mchezo huu New York mwaka 1937 kwa sare za kijeshi zilizofanana na za mafashisti wa wakati ule, na mwaka 2012 Royal Shakespeare Company ya Uingereza iliuweka katika nchi ya Afrika ya siku hizi.

Njia ya tatu ni nzuri na ina mvuto kwetu, ila si rahisi kama inavyodhaniwa. Sare ya jeshi ikifanana na ya nchi yako unaweza kuingia matatani na sheria, na suti kumi na tano zinazokaa vizuri ni ghali kuliko toga kumi na tano. Maelezo yanayofuata ni ya Roma, kwa kuwa ndiyo inayoombwa zaidi na ndiyo inayokosewa zaidi.

Joho la Caesar

Kosa la kwanza ni rangi. Kila mtu anataka Caesar awe na joho jekundu au la zambarau. Damu haionekani juu ya vitambaa hivyo! Antony atainua joho, na mtu wa safu ya kumi ataona kitambaa chekundu chenye unyevu. Joho liwe rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, na zambarau ibaki kwenye ukingo wenye upana wa sentimita 12. Asiwepo mtu mwingine jukwaani mwenye rangi hiyo ya maziwa. Likitokea tena juu ya maiti, jicho litalikumbuka lilipoonekana mabegani mwa mtu aliye hai.

Kosa la pili ni kitambaa. Poliesta haipasuki vizuri. Inakatika kwa mkasi na kuonekana imekatwa kwa mkasi. Unahitaji pamba iliyofumwa yenye uzito, kama drili nyepesi au kitambaa cha mapazia cha pamba. Chana kipande kidogo dukani kwa mkono ukiruhusiwa: kikichanika moja kwa moja kwa sauti na kuacha nyuzi, ndicho.

Joho ni nusu duara. Kwa kitambaa chenye upana wa sentimita 150 chukua mita 2.7. Tafuta katikati ya upande mrefu ulionyooka, funga uzi kwenye chaki ya fundi, shikilia ncha hapo katikati. Chora nusu duara ya kwanza yenye nusu kipenyo cha sentimita 13 (shingo), ya pili yenye sentimita 133 (pindo la chini). Urefu unaobaki ni sentimita 120 toka shingoni, unaomfaa mtu wa sentimita 170 hadi 178. Nusu duara ina upana wa kutosha mbele, na upana huo unahitajika: Antony anasema Caesar aliufunika uso wake kwa joho alipoanguka, kwa hiyo mwigizaji lazima aweze kulivuta upande wa kushoto hadi juu ya kichwa bila bizimu kufunguka.

Bizimu iwe pambo tu, iliyoshonewa upande mmoja. Kinachofunga kwa kweli ni kulabu mbili kubwa na vitanzi vyake nyuma ya pambo. Velkro usiitumie hapa. Calpurnia, mke wa Caesar, amenyamaza, Caesar ameamua kwenda kufa, halafu ukumbi mzima usikie ule mkwaruzo wa velkro!

Tengeneza majoho matatu. La mazoezi, la marekani ya bei nafuu. La kwanza la onyesho, zima, la kuvaliwa mpaka kuuawa. La pili la onyesho, lililotobolewa na kupakwa damu, ambalo linaonekana kwenye hotuba pekee. Mabadilishano yanafanyika maiti inapobebwa nje mwishoni mwa onyesho la mauaji. Kitambaa cha majoho mawili ya onyesho kikatwe kutoka jora moja siku moja, maana jora jingine la rangi hiyohiyo halitafanana chini ya taa.

Sasa matundu. Wanahistoria wa kale wanataja majeraha 23, lakini Antony anataja kwa majina matatu, na kila moja lina tabia yake. La Cassius ni safi na jembamba: kata sentimita 8 kwa wima. La Casca linaitwa mpasuko, basi lipasue kweli: anzisha kwa mkasi sentimita 2, kisha chana kwa mikono kufuata uzi hadi sentimita 28, nyuzi ziachwe zikining'inia. La Brutus si refu, sentimita 12, ila ndilo lenye damu nyingi kuliko yote, kwa sababu Antony anasema damu ilitoka mbio kumfuata Brutus mlangoni, ihakikishe kama kweli ni yeye aliyebisha. Hapo doa lishuke sentimita 40 au 50 na kupanuka chini. Mengine kumi hivi ya sentimita 5 hadi 8 yatawanye bila mpango. Tundu la ukubwa halisi wa kisu halionekani zaidi ya mita sita. Ndiyo maana vipimo hivi vimekuzwa. Ncha za kila tundu zizuie kwa mishono michache ya mkono, la sivyo baada ya maonyesho manne la Cassius litakuwa limefanana na la Casca.

Matundu yote matatu yawe upande utakaowaelekea watazamaji maiti ikilazwa. Laza mtu, mfunike, weka alama za chaki, ndipo ukate. Ukikata joho likiwa mezani, nusu ya matundu yatajikuta upande wa nyuma.

Damu ya joho hili ni rangi, wala haitafuliwa. Changanya akriliki ya maji: vijiko vinne vya nyekundu, kimoja cha kahawia, tone la nyeusi. Tundika joho kwenye kiwiliwili cha fundi au kwenye mgongo wa kiti kirefu, wima, kwa kuwa Caesar alichomwa akiwa amesimama na damu ilishuka. Paka rangi nzito kwenye midomo ya matundu, kisha iongeze maji kiasi sawa na uiache itiririke yenyewe. Acha ikauke siku nzima, piga pasi kwa upande wa nyuma. Rangi iliyokauka haitamchafua Antony wala wabeba jeneza, na kila usiku doa litakuwa palepale.

Jambo la mwisho kwenye joho: shona vitanzi vitatu vidogo vya uzi mnene upande wa ndani, kimoja karibu na kila tundu linalotajwa. Antony anaongea na umati, macho yake yako kwa watu. Vidole vinatafuta kitanzi, vinakipata, vinainua, na tundu linafunguka kuelekea ukumbini bila yeye kuinama na kupekua.

Toga

Wanaoona toga kwa mara ya kwanza hudhani ni lubega au mgolole, na kweli zinaelekeana: bega la kushoto limefunikwa, mkono wa kulia uko huru. Tofauti ni kwamba lubega hufungwa fundo begani. Toga haina fundo. Inashikwa na uzito wake na mkono wa kushoto uliokunjwa. Ukifunga fundo, hadhira yako itaona mgolole, na itakuwa sahihi.

Toga ya Kirumi ilikuwa ya sufu, kubwa kuliko hizi. Kwa jukwaa inatosha mita 4.5 kwa 1.5. Upande mmoja umenyooka, mwingine umepinda. Kunja kitambaa katikati ili kiwe na urefu wa mita 2.25, pima kutoka kwenye mkunjo, na weka alama za kina kutoka upande ulionyooka: kwenye mkunjo wenyewe 150, sentimita 50 kutoka mkunjo 146, sentimita 100 iwe 134, sentimita 150 iwe 112, sentimita 200 iwe 69, na kwenye ncha ya 225 sifuri. Unganisha alama kwa mstari laini, kata matabaka yote mawili pamoja.

Kitambaa kizuri kabisa kwa kazi hii ni mashuka mazito ya pamba ya mitumba, makubwa ya vitanda vya watu wawili. Yameshafuliwa mara nyingi, yameshalegea, yanaanguka vizuri. Itabidi uunganishe mawili. Mshono ukiwa katikati utaangukia mgongoni na kupotea kwenye mikunjo. Bafta ni nyepesi mno. Satini inateleza begani kila mtu anapopumua. Tetroni ya sare za shule inafaa kwa wauaji kwa kuwa inafulika haraka, lakini mikunjo yake ni mikavu, kwa hiyo ifue mara tatu kwanza.

Nyeupe pepe chini ya taa huchoma macho na kuzifanya nyuso zote kuwa giza. Izamishe kwenye chai, ila isifikie rangi ya joho la Caesar. Kwa kila toga chemsha lita 10 za maji na gramu 60 za majani ya chai kwa dakika 10, chuja, tia vijiko viwili vya chumvi. Lowesha toga kwa maji safi kwanza, ndipo uizamishe, ukigeuzageuza dakika 10 hadi 15. Ukiitia ikiwa kavu au ukaiacha bila kuigeuza, mabaka yatabaki hadi siku ya mwisho.

Kuvika ni kazi ya watu wawili. Ncha ya kwanza ishuke mbele toka bega la kushoto hadi katikati ya muundi, upande ulionyooka ukielekea shingoni. Kitambaa kilichobaki kipite nyuma ya mgongo, kiingie chini ya kwapa la kulia, kivuke kifua kwa mshazari, kipandishwe tena juu ya bega la kushoto na kuangukia nyuma. Legeza kidogo mbele ya kifua ili mkunjo utengeneze kama mfuko. Kisha hila za jukwaani: vifungo viwili vya kubana begani, kimoja kati ya tunika (vazi la ndani) na tabaka la kwanza, kingine kati ya tabaka la kwanza na la mwisho, kitanzi kimoja kwenye nyonga ya kulia kinachoshika mkanda. Kwenye ncha zote mbili shonea chubwi ndogo za wavuvi ili toga isipepee.

Kila mla njama awe na ala ya kitambaa, mdomo wa sentimita 12, iliyoshonewa ndani ya mkunjo wa kifuani upande wa kushoto. Mkono wa kulia unaingia na kutoka na kisu. Visu viwe vya mbao au mpira, bila ncha wala makali. Mwigizaji anayetumia mkono wa kushoto abadilishiwe kila kitu au afundishwe kuchoma kwa kulia; amua mapema.

Wape waigizaji toga za mazoezi, hata mashuka yaliyochakaa, kuanzia wiki ya pili. Kupanda ngazi, kukaa, kupiga magoti, kugeuka: yote hubadilika mkono wa kushoto ukiwa kazini. Mtu aliyevaa toga siku tatu tu kabla ya onyesho huonekana amejifunga shuka akitoka kuoga.

Tunika na cheo

Tunika ni rahisi. Mita 1.2 ya kitambaa cha upana wa 150 inatoa vipande viwili vya sentimita 75 kwa 120: mbele na nyuma. Shona mabega ukiacha mwanya wa shingo wa sentimita 32 ulionyooka, shona mbavu ukiacha sentimita 28 za mkono kila upande. Upana unaozidi mabega unaanguka wenyewe kama mkono mfupi juu ya kiwiko, yaani kiwiko kiko wazi kwa damu bila kukata wala kushona mikono. Mkanda unavuta nguo juu, pindo linafika gotini. Tunika 15 ni mita 18.

Hapo ndipo unaonyesha nani ni nani. Maseneta wana mistari miwili ya zambarau inayoshuka toka mabegani hadi pindoni, mbele na nyuma, upana wa sentimita 7. Matajiri wasio maseneta wana mistari hiyohiyo ya sentimita 2.5. Watu wa kawaida hawana kitu. Toga yenye ukingo wa zambarau ni ya mwenye madaraka makubwa kwa wakati ule. Mwaka ule Caesar na Antony walikuwa makonsuli (wakuu wa dola), Brutus na Cassius walikuwa mapretori (mahakimu wakuu). Hao wanne wanastahili ukingo. Cicero alishawahi kuwa konsuli lakini hakuwa na cheo hicho siku hiyo, basi avae toga tupu juu ya tunika yenye mistari mipana. Flavius na Marullus, matribuni wa watu, toga tupu. Ukimvisha kila seneta ukingo umepoteza habari nzuri sana: kwamba wanaoongoza kisu na anayechomwa wamevaa alama ileile ya dola.

Vitambaa vya zambarau vifue peke yake mpaka maji yatoke meupe, hata ikihitajika mara sita. Zambarau ya bei nafuu ikichuja kwenye toga nyeupe usiku wa kwanza, hakuna dawa.

Wanawake, usiku na vita

Portia na Calpurnia wavae tunika ndefu hadi kisiginoni, juu yake stola isiyo na mikono iliyofungwa chini ya kifua, na mtandio mpana wa mita 3 kwa 1 unaoweza kupanda kichwani kama ushungi. Usitumie kanga. Kanga ina jina, na macho yote yatakwenda kusoma lililoandikwa. Jeraha la Portia si lazima lionekane uchi. Doa dogo la rangi lililopenya kwenye stola, analolifunua kwa kusogeza mtandio, linatosha na halitawakwaza wazazi waliokuja kutazama.

Majoho ya wala njama ni sita, nusu duara kama la Caesar lakini ya kaniki au kahawia nzito, yenye kofia iliyoshonewa shingoni. Yakigeuzwa na kuondolewa kofia kwa vifungo, ndiyo majoho ya jeshi la Brutus na Cassius kwenye vita vya Filipi, Makedonia. Jeshi la Antony na Octavius, mrithi wa Caesar, livae mekundu ya rangi moja. Epuka shuka za Kimasai zenye mistari: watazamaji wataona morani, na akili zao zitatoka Makedonia mpaka Longido.

Ngao za kifua zinatoka kwenye mikeka ya povu ya mazoezi, unene wa sentimita 1, iliyopakwa gundi ya maji mara tatu kabla ya rangi ili isinyonye. Sketi ya vipande vya ngozi tengeneza kwa tyubu ya tairi la lori: vipande 14 vya sentimita 5 kwa 35 kwa kila askari, vimeshonewa kwenye mkanda wa turubai. Vioshe kwa sabuni na upake mafuta kidogo, na hakuna atakayejua si ngozi. Miguuni makubazi ya pwani yanafaa kwa raia. Kwa askari ongeza kamba zinazopanda muundi, zifungwe nyuma ya goti kwa lastiki, kwa sababu za kuzungusha hushuka kabla ya vita kwisha.

Taa

Peleka vipande vya kila kitambaa ukumbini wiki tatu kabla, uvitazame chini ya taa zenyewe. Taa ya bluu ya onyesho la usiku hugeuza nyekundu kuwa nyeusi. Taa ya njano iliyoiva hugeuza zambarau kuwa kahawia, na hapo ukingo wa Caesar unafanana na uchafu wa matope. Ikitokea hivyo, chagua zambarau yenye nyekundu nyingi zaidi, au zungumza na mtu wa taa. Ni rahisi kubadilisha karatasi ya rangi kwenye taa kuliko kushona upya.

Damu ya kuoga

Hii ni tofauti na ile ya joho, na lazima itoke kwenye nguo. Mililita 250 za sabuni ya maji ya kuoshea vyombo isiyo na rangi, vijiko viwili vya chai vya rangi nyekundu ya chakula, nusu kijiko cha kakao iliyokorogwa kwanza kwa maji moto. Usiipeleke machoni wala mdomoni. Ijaribu kwenye kipande cha kila kitambaa: iache saa tatu, fua kwa maji baridi, uone kinachobaki. Kikibaki chochote, punguza rangi ya chakula.

Weka sponji mbili zilizoloweshwa kwenye bakuli la chini nyuma ya sanamu ya Pompey, ambako Caesar anaanguka. Wauaji wanapoinama kumzunguka, wanawaficha watazamaji wasione bakuli, na wanainuka na mikono myekundu. Antony atawashika mikono mmoja baada ya mwingine, kwa hiyo naye atachafuka. Nje ya jukwaa kuwe na ndoo ya maji, taulo nne zenye unyevu na mtu mmoja ambaye usiku huo hana kazi nyingine, kwa kuwa Brutus ana dakika chache tu kabla ya kupanda jukwaa la hotuba.

Usiku uleule, kabla ya watu kuondoka, toga za wauaji ziingie kwenye maji baridi. Maji moto na pasi hukaza doa. Asubuhi zifuliwe kwa sabuni ya kawaida na kuanikwa kivulini. Toga zikishakauka zizungushwe kwenye bomba refu la plastiki badala ya kukunjwa, kwa sababu mkunjo mmoja wa pasi katikati ya kifua unaonekana mpaka nyuma ya ukumbi. Joho la damu lisitundikwe; lilazwe kwenye boksi lake, karatasi ikiwa katikati ya matabaka, vitanzi vitatu juu. Kila usiku, nusu saa kabla ya pazia, Antony mwenyewe aje afungue boksi na kuvigusa vyote vitatu kwa vidole.